Gari Lililofungwa Kitambaa

Siku tulipomzika yaya jua lilikuwa kali, na vijana wa mtaa walikuwa wametandika bashi juu ya uwanja wa nyumba tangu asubuhi ili watu wa kilio wasiungue. Kwetu Lubumbashi turubai tunaliita bashi, na dada mkubwa tunamwita yaya. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, na kadiri jua lilivyopanda, bashi lile lilianza kutoa harufu. Wewe unaijua harufu hiyo, ya mpira uliopata moto, vumbi, na kitu fulani kama nta. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi sikulia. Harufu ilikuwa imenirudisha mtaa wa Bel-Air, kwenye parseli yetu ya zamani, kiwanja chetu chenye nyumba na ua, mwaka ule mama alipopewa kazi ya kushona paa la gari, na nilikuwa nimekaa pale nikimwonea yaya wivu, na yeye yuko ndani ya jeneza.

Nakuambia hivyo mapema ili usingoje nikupe hadithi ya msichana aliyempenda dada yake tu. Nilimpenda, hilo halina shaka. Lakini kilichokuja mbele siku ile kilikuwa ni wivu, mzima kabisa, kama ulivyokuwa tulipokuwa watoto. Basi nauandika jinsi ulivyokuja.

Baba yetu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Babu ndiye aliyeshuka kutoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli. Baba alizaliwa hapa hapa mjini, na reli haikumvutia. Alipata mashini nzito ya miguu, nyeusi, yenye meza ya mbao ngumu na sindano nene iliyoweza kupita ngozi iliyokunjwa mara tatu. Alipokuwa akishona, mimi nilikaa chini ya meza ile. Mguu wake ulipokanyaga, upepo mdogo ulinipiga magotini, na vipande vya ngozi vilinidondokea kichwani. Nilivikusanya, nikawatengenezea viatu watoto wangu wa mabunzi ya mahindi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mashini ile itakuwa yangu. Nilijiambia mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyenikatalia, niliamini.

Baba alikufa nikiwa bado katika madarasa ya chini. Mama alikuwa na mashini yake nyingine, nyepesi, ya kushonea nguo za wanawake, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Ile ya baba aliifunika kwa kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni. Kila Jumamosi aliifunua, akaipangusa, akaitia mafuta, akazungusha gurudumu kidogo kwa mkono.

"Mashini ikikosa mutu inakufa," alikuwa anasema. Halafu anatutazama sisi wawili, yaya na mimi, kwa zamu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Tulijua maana ya kule kutazamwa. Mmoja wetu angekalishwa pale. Hatukuwahi kulizungumza, lakini kila Jumamosi chupa ya mafuta ilipotoka, wote wawili tulikimbilia kuishika.

Sasa, gari. Lilikuja wakati joto limeshaanza, miembe ina maua na kila mtu anaangalia mawingu ambayo bado hayana kitu. Mwenye gari alikuwa mtu wa asili ya Kasai, mwenye duka la vipuri, shati lake limepigwa pasi hata kwenye mikono. Alizungumza Kifaransa alipotaka kujisifu na Kiswahili alipotaka kuomba. Miaka mingi alikuwa ameweka picha ya gari la mbio la ng'ambo, lile la watu wawili, lisilo na paa, pua ndefu na taa za mviringo. Kulinunua asingeweza. Basi akachukua gari dogo bovu lililotupwa na wamisheni, akalivua mwili wote, akawapa mafundi wa bati ile picha, nao wakalipiga mwili mpya kwa nyundo. Likatoka jeupe, chini chini, zuri kabisa. Ukilitazama kwa karibu uliona mapigo ya nyundo chini ya rangi, lakini nani alilitazama kwa karibu? Watu walisimama barabarani.

Alitaka kulikodisha kwenye ndoa. Bibi arusi angekaa kando ya dereva, mji mzima umwone. Tatizo lilikuwa mvua. Mafundi wa viti mjini walimwambia kwamba wao wanajua viti. Wale wa mabashi walijua malori. Ndipo mtu akamwelekeza kwa mjane wa Bel-Air.

"Mama, banasema uko na mashini ya marehemu papa," alisema akiwa bado kwenye mlango wa parseli.

"Iko. Ni kiti gani imepasuka?"

"Haiko kiti. Ni paa."

Mama alitoka, akalizunguka gari mikono yake ikiwa mgongoni. Nilimjua vizuri akitembea hivyo. Ndivyo alivyomzunguka mwanamke aliyekuja kushonesha nguo ya sherehe.

"Iko na kifua kikubwa," alisema. "Na mugongo mufupi."

"Mama, ile ni gari, haiko mwanamuke."

"Kwangu kila kitu inavalaka. Lete kitambaa."

Kitambaa alicholeta kwanza kilikuwa bashi la kijani, lile lile linalofunika mizigo ya malori. Mama alilifungua uani, wote tukalitazama, na mwenye gari mwenyewe akatikisa kichwa. "Hapana. Gari yangu itakuwa sawa na kamiyo ya mukuba." Kamiyo ya mukuba ni lori la kubeba shaba. Jirani yetu, mwanamke aliyefanya biashara za Kipushi na kuvuka mpaka kila wiki, ndiye aliyeokoa jambo. Aliporudi safari iliyofuata alikuwa na bashi la rangi ya maziwa, laini juu na lenye mpira chini, limekunjwa katikati ya magunia yake ya sukari. Alikataa kusema amelipata kwa nani. Tangu hapo alijiona mwenye sehemu katika kazi ile, akawa anakuja kila siku na kikombe chake cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, anakaa kwenye kigoda na kutoa maoni.

Fundi wa kuchomelea akakunja mabomba ya maji yawe matao matatu ya kushikilia paa, yenye bawaba chini ili likunjike nyuma. Lakini yawe marefu kiasi gani? Kwenye picha paa lilikuwa limelala karibu na kioo cha mbele. Mama hakutaka picha. Alitaka mtu.

"Mutu akae mule ndani," alisema. "Nguo bila mwili ndani yake, nitapima nini?"

Kiti cha dereva alikaa mwenye gari. Kikabaki kiti cha bibi arusi. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshaweka hata mkono kwenye mlango, bati lilikuwa na moto wa jua.

"Weye ukikaa mule," mama akasema, "nitashona paa ya kuku."

Jirani alicheka hadi munkoyo ukamwagika kwenye kikwembe chake. Mama hakuwa ananitania kwa ubaya, alisema alichokiona. Nilikuwa mfupi, na kwenye kiti kile kichwa changu kisingefika hata juu ya mlango. Akamwita yaya. Yaya alikuwa ameanza kuvaa blauzi za mama wakati ule, na mama alianza kupoteza hesabu zipi ni za nani. Aliingia ndani ya gari taratibu, akaweka miguu yote miwili pamoja kama alivyoona mabibi arusi wanavyofanya. Kisha mama akaenda chumbani akatoka na kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu, kile kikubwa kilichotiwa wanga, akamfunga yaya nacho, kikasimama juu kama taji.

"Sasa njo bibi arusi," alisema, njo ya kwetu ikiwa ni ndiyo, na akaanza kupima kuanzia juu ya kile kitambaa.

Mimi nilipewa kushika chaki na kopo la pini. Jua lilikuwa kichwani kwangu. Yaya alikuwa kivulini, chini ya shuka la zamani ambalo mama alikuwa akilitandaza juu ya matao, akilibana, akilichora, akilikata. Wakati mwingine shuka lilipokuwa halijabanwa vizuri upande mmoja, niliona uso wa yaya kwa chini. Hakuwa ananicheka. Afadhali angenicheka. Alikuwa ametulia kabisa, amesahau kwamba mimi nipo.

Saa ya chakula nilitumwa jikoni. Niliwasha makaa kwenye jiko la mbabula, nikasonga ugali wetu wa bukari, nikapika matembele na samaki wadogo wa ndakala, moshi wote ukawa wangu. Niliporudi na sahani niliambiwa kwamba bibi arusi hawezi kutoka, kwa sababu pini zimeshawekwa na zikitolewa kazi itaanza upya. Kwa hiyo yaya alikula ndani ya gari. Mimi nilimshikia bakuli la maji anawe mikono. Mwenye gari aliyekuwa ametoka kunyoosha mgongo aliangalia kila tonge kwa wasiwasi.

"Muchuzi, chunga muchuzi," alisema. "Ile kiti ni mupya."

"Minachunga, papa," yaya alisema kwa sauti ya upole, sauti ambayo hakuitumia kwetu nyumbani hata siku moja.

Mama alipomaliza kukata bashi lenyewe, kikwembe kiliondolewa kwenye mashini ya baba. Mama alikaa, akapitisha uzi mnene kwenye mshumaa ili ushike nta, akaanza. Wewe kama hujasikia mashini nzito ikipita kwenye bashi, sijui nikueleze vipi. Ile ya nguo inalia kama mvua nyembamba. Hii inagonga, unaisikia kwenye sakafu kabla ya kuisikia masikioni. Sikuwa nimeisikia tangu baba afe. Nilipiga magoti na nilitaka kuingia chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshakua kidogo, na mzigo wa bashi ulihitaji mabega ya kuubeba.

Mama hakufika mbali. Goti lake lilikuwa linamsumbua, na mkanyagio wa mashini ile ulikuwa mgumu kama mtu anayekataa. Alijaribu kupumzika, akajaribu tena, akasimama.

"Kuya mumoja," alisema, akimwita mmoja wetu.

Tukaenda wawili. Nilikuwa wa kwanza kufika kwenye kiti, nikakaa. Mbao ilikuwa na joto la mama. Nilinyoosha miguu chini, nikajinyoosha zaidi, ncha za vidole zikagusa chuma.

"Inafika," nilisema.

"Kanyanga basi."

Nilikanyaga. Mkanyagio haukushuka. Nilikanyaga tena kwa nguvu zangu zote hadi kiti kikarudi nyuma, na jirani akaniambia niache, kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kucheka, "Leka, mama, miguu haiyafika bado."

Yaya alikaa. Mkanyagio ukashuka.

Yeye ndiye aliyeshona mshono mrefu wa katikati, unaotoka mbele hadi nyuma ya paa, wa kukunja mara mbili. Mimi nilibeba bashi begani na kulisogeza kila alipolivuta, kama watu wanavyobeba godoro kulipitisha mlangoni. Sikuuona mshono. Niliona kisogo chake tu, na jasho dogo shingoni, na mama amesimama kando yake akisema maneno yale yale ambayo baba alikuwa anasema: usiisukume, ifuate. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kutoka chini ya meza mara nyingi sana. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeyatunza.

Mama alijitahidi na goti lake akashona pembe za nyuma mwenyewe. Alizishona kama alivyoshona nguo zote za maisha yake, akaacha akiba nene ya kitambaa ndani ya mshono.

Mwenye gari aliiona. "Ile ya ndani ni ya nini, mama?"

"Akiba. Mutu ananonaka. Siku moja utataka niipanue."

"Gari haitanona, mama."

"Banasemaka vile bote," mama alimjibu.

Siku ya kulivalisha gari tulingoja adhuhuri. Baba alikuwa amemfundisha mama kwamba bashi livutwe likiwa limepata jua, kwa sababu likivutwa na baridi baadaye litalegea na kubeba maji. Tulilitandaza juu ya mabati ya jiko hadi likawa laini kama ngozi ya mtu. Kisha mama akalibana katikati mbele, akalibana katikati nyuma, na kutoka pale watu wakavuta kwenda pembeni, mwenye gari upande mmoja, jirani na yaya upande mwingine. Vifungo vya chuma vikapigwa kwa nyundo kimoja kimoja. Mimi nilikuwa navipanga mkononi na kuvitoa vinapohitajika. Nilifanya vizuri. Hakuna kifungo kilichodondoka.

Walipomaliza walirudi nyuma kutazama.

Paa lilikuwa refu. Lilipanda kutoka kwenye kioo, likaenda juu, likafanya nundu ya mviringo, likashuka nyuma. Chini kulikuwa na gari la mbio la ng'ambo. Juu kulikuwa na mama anayekwenda misa ya kwanza.

"Aka," jirani alisema polepole. "Gari imefunga kitambaa."

Watoto waliokuwa wamejaa kwenye ua walilipokea neno hilo mara moja na kuanza kuliimba. Mwenye gari alizunguka gari lake. Alitoa ile picha kwenye mfuko wa shati, akaitazama, akatazama paa.

"Mama, kwa picha paa iko chini."

"Kwa picha kuko nani ndani?" mama aliuliza.

Aliikaribisha picha machoni. "Hakuna mutu."

"Njo vile. Weye utabeba bantu. Bibi arusi ametengeneza nywele tangu jana, amefunga kitambaa, unataka akunje shingo siku ya ndoa yake?"

Mwenye gari alirudisha picha mfukoni. Alikaa ndani, akamwomba yaya aingie tena na kitambaa chake kichwani, akatazama juu, akaona kwamba kati ya kitambaa na paa kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Alipotoka alikuwa anatabasamu kidogo, bila kutaka.

Kilichobaki kilikuwa maji. Mvua haikuwa imekuja, kwa hiyo tulichota ndoo, na jirani akapanda juu ya kiti ili amwage kutoka juu. Yaya alibaki ndani kusikiliza na kupapasa. Nami nilikuwa nampokeza jirani ndoo, na kila nilipoinua moja niliomba. Niliomba kwa Kiswahili na kwa yale maneno ya Kifaransa tuliyofundishwa katika katekesimu, ili isikike pande zote. Niliomba mshono wa yaya upitishe maji. Kidogo tu. Tone moja limdondokee puani, mama alione, aseme huyu bado, tungoje mwingine akue.

"Huku kukavu," yaya alisema kutoka ndani. Ndoo nyingine. "Huku pia kukavu."

Ndoo nyingine.

"Mama," alisema. "Hapa mayi inaingia."

Sijawahi kufurahi hivyo tena, rafiki yangu. Furaha ilinipanda hadi masikioni. Mama aliingiza kichwa chake, akapapasa kwa kidole, akakaa ameinama kwa muda mrefu. Alipotoka kidole chake kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwenye kikwembe.

Haukuwa mshono wa yaya. Ilikuwa pembe ya nyuma, yake mwenyewe, ambapo ile akiba nene ilikuwa imejikunja ndani na kufanya mfuko, maji yakakusanyika mle na kutafuta njia.

Mama alimgeukia mwenye gari. Angeweza kusema bashi ni baya, au ndoo zilikuwa nyingi. "Mushono ya mutoto imeshika," alisema. "Ya kwangu njo inapitisha mayi."

Walilitoa paa upande ule. Mama alifumua pembe, akachukua mkasi, akaikata akiba yake. Sikuwa nimemwona akikata akiba maisha yangu yote. Ilikuwa kama kumwona akijikata kucha mbele za wageni. Alipomaliza hakwenda kwenye kiti cha mashini. Alibeba bashi begani mwake, pale nilipokuwa ninabeba mimi, akamwambia yaya, "Shona weye."

Ndivyo jambo lilivyokwisha. Hapakuwa na tangazo. Mama hakukaa tena kwenye kiti kile tangu siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata chupa ya mafuta ilipotoka, alimpa yaya mkononi, hata kabla ya sisi kukimbia. Niliomba paa livuje, likavuja, na ule mvujo ndio ulionipokonya mashini.

Mwenye gari alitaka kulijaribu barabarani. Kiti cha abiria kilikuwa kimoja. Alimwambia mama apande, mama akasema goti lake halipendi magari yaliyo chini, na kwamba aliyeshona ndiye apande. Wakaenda upande wa Karavia. Nilisimama kwenye mlango wa parseli hadi wakarudi. Niliona kwanza nundu nyeupe ikija juu ya vumbi, halafu gari. Yaya alishuka, kitambaa chake hakijasogea hata kidogo.

Usiku wakati wa kula yaya alikaa karibu nami. "Ndani mule," alisema kwa sauti ndogo, "ni sawa na kukaa chini ya kikwembe ya mama. Upepo unausikia tu, haukugusi."

Nilimenya samaki wangu.

Gari lile lilipendwa kuliko mwenyewe alivyotarajia. Mabibi arusi waliambiana kwamba ndani yake nywele haziharibiki, na wengine walikuja kwetu kuliulizia kwa jina walilopewa na watoto wa mtaa, Gari ya Kitambaa. Lilipopita Jumamosi na honi nyuma yake, majirani walisema, "Ile paa ilishonwa hapa, na mutoto ya pale." Hawakuwa wanasema mimi. Nilijifunza kuwa na kazi ya kufanya jikoni saa ya ndoa. Baadaye yaya mwenyewe aliolewa ndani ya gari lile, amekaa chini ya mshono wake. Mimi nilipoolewa injini yake ilikuwa imeshakufa, na nilikwenda kanisani kwa teksi ya mjomba, kioo kimefunguliwa kwa sababu hakikuweza kufungwa. Nilifika na nywele za vumbi.

Yaya alishona hadi mwisho. Viti vya teksi, vya mabasi madogo, viti vya maaskari, mara moja hata kiti cha daktari wa meno. Mimi nauza unga sokoni, na ni kazi nzuri, hainipi aibu. Lakini kila nilipopanda teksi niliangalia mshono wa kiti kwanza. Niliujua wake. Ulikuwa umenyooka tu, hauna haraka. Nilikaa juu yake hadi sokoni. Hakuniita hata mara moja nikajifunze, nami sikuomba. Labda alikuwa anangoja niombe. Labda hakufikiri juu yangu kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mengi ya wakati ule hayapo. Parseli yetu iligawanywa, na pale palipokuwa na jiko sasa kuna ukuta wa ghorofa la mtu nisiyemjua. Jirani alihamia kwa watoto wake Kipushi na hakurudi. Mama alitangulia miaka mingi kabla ya yaya, na ule mtindo wake wa kuacha akiba ulikwenda naye. Nguo za siku hizi ukizigeuza hazina kitu ndani. Munkoyo unauzwa kwenye chupa za plastiki. Wenye teksi wananunua viti vilivyoshonwa tayari ng'ambo, vinakuja vimefungwa kwenye nailoni, na vinapasuka kabla nailoni haijaoza.

Kilio kilipokwisha, mjomba alikaa na familia kugawa vitu. Mashini alisema ije kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya watoto wa baba. Kila mtu aliitikia. Watoto wa yaya waliitikia pia, hawaihitaji, wana kazi za maofisini. Ililetwa nyumbani kwangu kwa mkokoteni, imefunikwa kikwembe. Hivyo ndivyo nilivyokipata nilichokitaka tangu nikiwa chini ya meza.

Wiki hiyo hiyo dereva mmoja alikuja na kiti cha teksi kichwani. Alikuwa amesikia mashini iko wapi.

"Si weye njo mudogo yake?" aliuliza.

"Ni miye."

"Basi nitengenezee hapa, imepasuka tu kidogo."

"Siyue kushona ile."

Alicheka, akidhani namtania. "Mudogo ya yule mama asiyue kushona? Weye, acha mambo."

"Siyue," nilimwambia tena. "Hakunifundisha."

Alinitazama, akaona uso wangu, akasema pole. Halafu akaweka kiti chake kichwani tena, akaenda kutafuta fundi mwingine.

Alipoondoka nilikaa kwenye mashini. Nilikanyaga, mkanyagio ukashuka bila taabu. Sikuwa nimetia uzi. Meza ile ya mbao ngumu, upande wa mshonaji, ina sehemu mbili zilizochimbika kidogo na kuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ni mahali pa viwiko vya yaya. Kwa miaka yote ile aliegemea pale akingoja mteja aamue rangi. Niliweka vyangu. Havikuingia, mabega yake yalikuwa mapana kuliko yangu, na ukiweka kimoja mahali pake kingine kinakataa. Kwa hiyo niliviweka katikati, kwenye mbao ambayo bado ni ngumu, kimoja huku kimoja kule, kati ya alama mbili za vile vyake, tukakaa hivyo kama watu wawili waliobanana kwenye kiti kimoja.